Dawa Zilizoutangulia Ugonjwa

Mwaka 1964, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, mkemia wa Detroit nchini Marekani aitwaye Jerome Horwitz alitengeneza kemikali ambayo haikuwahi kuwapo popote. Aliikusudia iue saratani. Panya wenye lukemia walipopewa, wakafa vilevile. Horwitz akaiandikia ripoti, akaiweka kabatini na kushika mambo mengine. Hakuiombea hata hataza. Nani agharamie hataza ya kitu kilichoshindwa?

Kemikali hiyo ni azidothimidini. Miaka 23 baadaye ingeitwa AZT na kuwa dawa ya kwanza duniani kuidhinishwa dhidi ya virusi vya Ukimwi (VVU), ugonjwa ambao mwaka 1964 haukuwa hata na jina.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama bahati nasibu. Mimi sikioni hivyo. Bahati ilikuwapo, lakini ukizifuatilia dawa za virusi tangu mwanzo wake, unakuta jambo moja likijirudia: mkemia anatengeneza kitu kwa ajili ya saratani au kifua kikuu, kitu hicho kinashindwa au kinafanya kazi nusunusu, kinasahauliwa, na baada ya miaka mtu mwingine, pengine wa nchi nyingine, anarudi kukichukua akiwa na swali jipya. Kazi ngumu ilikuwa kujua wakati wa kurudi kabatini. Kazi ngumu zaidi, kama tulivyokuja kuona huku kwetu, ilikuwa kumfikishia mgonjwa kilichopatikana.

Penisilini ilikuwa hospitalini tangu miaka ya 1940, lakini kwa upande wa virusi madaktari walibaki mikono mitupu. Bakteria ana ukuta wake na mitambo yake, hivyo dawa inaweza kumvunjia ukuta bila kumgusa mgonjwa. Kirusi karibu hakina kitu zaidi ya maandishi ya urithi yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Kinaingia ndani ya seli ya mtu, kinaiteka mitambo yake, na seli inajikuta ikikitolea nakala kwa maelfu. Ukikipiga unampiga na mwenyeji. Wanasayansi wengi wa wakati huo waliamini kuwa dawa ya kuzuia virusi bila kumtia mgonjwa sumu haitapatikana, na kwa ushahidi waliokuwa nao hawakuwa wajinga.

Mlango wa kwanza ulifunguka jichoni. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Yale, William Prusoff alitengeneza idoksuridini, kemikali inayofanana na thimidini, moja ya malighafi ambazo seli hutumia kuunda DNA, ila yenye iodini ndani yake. Naye alikuwa akiwinda saratani. Kuiingiza mwilini ilikuwa sumu mno. Mwaka 1962 daktari wa macho Herbert Kaufman aliidondosha kwenye macho yaliyoshambuliwa na virusi vya herpesi, ambavyo hula konea hadi mtu akapofuka, na macho yakapona. Jicho lina faida yake: dawa inawekwa pale pale inapotakiwa, na mwili uliobaki hauna habari. Mwaka uliofuata idoksuridini ikaidhinishwa Marekani, ya kwanza ya aina yake.

Wakati huohuo jaribio kubwa zaidi lilikuwa likiendelea Madras, India, ambako ndui ilikuwa bado inaua. Watafiti wakiongozwa na John Bauer wa maabara za Wellcome za London walitumia kemikali iitwayo methisazoni kwa watu waliokuwa wakiishi nyumba moja na wagonjwa. Kati ya watu 1,101 waliopewa dawa waliougua walikuwa 3. Kati ya 1,126 ambao hawakupewa, waliugua 78. Majaribio ya baadaye hayakurudia mafanikio ya kiwango hicho, na chanjo ikaimaliza ndui kabla methisazoni haijapata nafasi ya kujitetea. Ninaitaja kwa sababu ya ukoo wake. Inatoka katika familia ya thiosemikabazoni, familia ile ile ya thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu ya Mjerumani Gerhard Domagk. Thiasetazoni ilikuwa rahisi, na tangu miaka ya 1960 hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania ziliitumia sana ikichanganywa na isoniazidi. Ukimwi ulipoingia, ikaonekana kwamba kwa wenye VVU dawa hiyo huweza kuichubua ngozi hadi mtu kufa, na ikabidi iachwe. Kwa hiyo wazee wetu walimeza kidonge ambacho ndugu yake alikuwa dawa ya virusi, bila mtu yeyote kuwaambia.

Mtu aliyeugeuza utafutaji wa dawa za virusi kuwa elimu yenye kanuni, badala ya kubahatisha, ni Gertrude Elion. Alizaliwa New York mwaka 1918. Alipokuwa na miaka 15 alimwona babu yake akifa kwa saratani ya tumbo, na hapo akaamua asome kemia. Alihitimu vizuri, lakini maabara hazikutaka mwanamke. Akafundisha shule; akafanya kazi katika kampuni ya vyakula, kazi yake ikiwa kupima uchachu wa achari na rangi ya kiini cha yai kinachotiwa kwenye mayonezi. Mwaka 1944, vita vikiwa vimewamaliza wanaume maabarani, alipata kazi kwa George Hitchings katika kampuni ya Burroughs Wellcome. Alianza kusomea udaktari wa falsafa usiku. Chuo kilipomtaka asome kutwa, akachagua kazi. Shahada hiyo hakuipata kamwe kwa kuisomea.

Hitchings na Elion walikuwa na wazo moja, na ndilo linalozifunga pamoja dawa karibu zote za simulizi hii. Fikiria uzi wa shanga wenye rangi nne: hiyo ndiyo DNA. Kila seli inapogawanyika, na kila kirusi kinapojinakili, lazima shanga zitungwe upya kwa mpangilio ule ule. Sasa mkemia atengeneze ushanga wa bandia, unaofanana na wa kweli kiasi cha kumdanganya fundi anayetunga, ila umetobolewa upande mmoja tu. Ukishaingia, uzi hauna pa kutokea, na kazi inasimama. Swali ni fundi yupi atadanganyika. Ukimdanganya fundi wa seli ya saratani, una dawa ya saratani. Ukimdanganya fundi wa kirusi na yule wa seli nzima akaukataa ushanga wako, umepata kile kilichodhaniwa hakipatikani.

Kwa njia hiyo Elion alileta dawa ya lukemia ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo, mwaka 1948, moja ya kemikali zake ilikuwa imeonyesha dalili ya kuzuia virusi, lakini ilikuwa sumu, naye akaiacha. Akakaa karibu miaka 20. Ilikuwa mwaka 1968 alipopata habari kwamba kemikali iitwayo ara-A, nayo iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani, inazuia virusi vya herpesi. Hiyo ara-A ina asili ya kupendeza: wakemia walipata wazo lake kutokana na sifongo mmoja wa bahari ya Florida, aliyekutwa miaka ya 1940 akiwa na shanga za ajabu ambazo wanyama wengine hawana. Elion akarudi kwenye kabati lake.

Matunda yake yalikuja miaka ya 1970, kampuni ikiwa imehamia North Carolina. Mkemia Howard Schaeffer aliukata mviringo wa sukari ulio ndani ya ushanga wa bandia akaacha kipande chake tu, na kazi ya Elion na wenzake ikaeleza kwa nini kitu hicho kilikuwa hatari kwa herpesi na kikawa kipole kwa mtu. Asikloviri, ndilo jina lake, inaingia ndani ya seli ikiwa imelala. Kinachoiamsha ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Seli isiyo na kirusi haina cha kuiamshia, kwa hiyo dawa inapita tu. Nadhani hakuna ujanja mzuri kuliko huu katika historia yote ya dawa: adui ndiye anayejifungia mlango. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 1977. Leo mgonjwa wa mkanda wa jeshi akienda duka la dawa Mwanza au Mombasa, vidonge anavyopewa ni hivyo.

Asikloviri ilivunja imani kwamba haiwezekani. Ukimwi ulipotambuliwa Marekani mwaka 1981, palikuwa na kundi la watu North Carolina waliojua kutengeneza shanga za bandia na waliokuwa na makabati yaliyojaa.

Huku kwetu ugonjwa ulikuwa umeshafika. Wavuvi na wafanyabiashara wa Rakai, kusini mwa Uganda, walikuwa wakikonda na kufa tangu mwaka 1982 au kabla. Watu wakauita Slim. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivushwa kwa magendo mpakani. Walioiona miaka ile wanakumbuka vijiji ambamo bibi alibaki na wajukuu tu.

Mwaka 1984 Janet Rideout, mkemia wa Burroughs Wellcome, alichagua kemikali za kujaribiwa. Kati yake ilikuwamo azidothimidini ya Horwitz. Haikuwa imesahaulika kabisa: mwaka 1974 Mjerumani Wolfram Ostertag alikuwa ameonyesha kwamba inazuia kirusi fulani cha panya cha jamii ya retrovirusi, jamii ambayo VVU vilikuja kugunduliwa kuwa ni sehemu yake. Ila mwaka 1974 hakukuwa na ugonjwa wa binadamu uliojulikana kuletwa na retrovirusi, na makala yake ikalala. Kampuni iliijaribu kwa virusi vya panya, ikafanya kazi. Kwa VVU hai haikuwa na maabara ya kufanyia, kwa hiyo ikaipeleka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kwenye chupa iliyoandikwa herufi S tu. Huko Hiroaki Mitsuya, daktari kutoka Japani aliyefanya kazi chini ya Samuel Broder, aliijaribu mwezi wa Februari 1985. Seli zilizotiwa virusi bila dawa zilikufa. Zenye dawa ziliishi.

Mgonjwa wa kwanza alipewa Julai 1985. Jaribio kubwa lilianza mapema mwaka 1986 likiwa na watu 282, nusu wakipewa AZT na nusu vidonge visivyo na dawa. Mwezi Septemba wasimamizi walilisimamisha kabla ya muda wake: upande wa vidonge vitupu walikuwa wamekufa 19, upande wa AZT mmoja. Machi 1987 ikaidhinishwa. Tangu Mitsuya aangalie vyombo vyake ilikuwa miaka miwili na mwezi mmoja, kasi iliyokuwa nadra sana kwa mamlaka za dawa.

Bei yake ilikuwa dola 10,000 hivi kwa mwaka. Wanaharakati wa New York waliingia barabarani, na mwaka 1989 wakapenya hadi ndani ya soko la hisa; baada ya hapo kampuni ikapunguza bei kwa asilimia 20. Horwitz, aliyeiumba, hakupata chochote katika mauzo hayo. Alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 93.

Dawa yenyewe ilikuwa kali. Ililiwa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, na iliudhoofisha uboho hata baadhi ya wagonjwa wakahitaji kuongezwa damu. Halafu mwaka 1989 watafiti wakaripoti virusi sugu. VVU vinajinakili kwa pupa na kwa makosa mengi, na katika makosa hayo anazaliwa fundi asiyedanganyika na ushanga ule. Kufikia mwaka 1993, jaribio kubwa la Uingereza na Ufaransa lilionyesha kwamba kumpa AZT peke yake mtu ambaye hajaanza kuumwa hakurefushi maisha yake. Ilikuwa miaka ya giza. Nchini Kenya, mwaka 1990, Rais Moi alikuwa ametangaza Kemron, dawa ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iliyotokana na intaferoni, protini ya mwili. Watu walipanga foleni kwa matumaini makubwa, lakini majaribio yaliyofuata hayakuonyesha faida. Ni rahisi kucheka leo. Ila mtu aliyekuwa na mgonjwa ndani mwaka 1990 hakuwa na la kucheka.

Nuru ilitoka sehemu mbili. Moja ilikuwa Vancouver, Kanada, mwaka 1996, ilipothibitishwa kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja, kirusi hakiwezi kuzikwepa zote kwa mara moja. Wagonjwa waliokuwa wameshaandika wosia wakarudi kazini.

Ya pili ilikuwa kwa wajawazito. Mwaka 1994 jaribio la Marekani na Ufaransa lilionyesha kwamba AZT hupunguza maambukizi ya mama kwa mtoto kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Lakini ilitaka vidonge mara tano kwa siku, dripu wakati wa uchungu, na dawa ya maji kwa mtoto kwa wiki sita. Mama wa kijijini anayejifungulia kwa mkunga angeipata wapi dripu ya AZT? Hospitali ya Mulago, Kampala, ikajaribu njia nyingine kati ya mwaka 1997 na 1999. Mama alipewa kidonge kimoja cha nevirapini uchungu unapoanza, na mtoto tone la dawa hiyo ndani ya siku tatu za mwanzo. Nevirapini si ushanga wa bandia. Inakwama kwenye kimeng'enya cha kirusi na kukikwaza. Watoto walipofikisha wiki 14 hadi 16, walioambukizwa walikuwa asilimia 13.1, wakati wale wa AZT ya muda mfupi walikuwa asilimia 25.1. Baadaye palizuka maneno mengi Marekani kuhusu utunzaji wa kumbukumbu za utafiti ule, hadi jopo huru lilipoyachunguza mwaka 2005 na kusema matokeo ni ya kuaminika. Ikajulikana pia kwamba dozi moja inaweza kumwachia mama usugu, na nchi zikahamia kwenye mchanganyiko. Hata hivyo wapo leo vijana wa zaidi ya miaka 20 Uganda, Kenya na Tanzania waliokingwa na kidonge kile kimoja.

Kuhusu watu wazima, dawa zilikuwapo na hazikufika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mchanganyiko wa dawa tatu uligharimu dola 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Kilichovunja ukuta huo ni sheria ya India, ambayo hadi mwaka 2005 haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, bali kwa njia ya kuitengenezea tu. Mkemia akipata njia nyingine ya kufika kwenye kemikali ile ile, hajavunja sheria. Februari 2001 Yusuf Hamied, mkuu wa kampuni ya Cipla ya Mumbai, alitangaza kwamba atawauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu.

Kidonge kilichoenea zaidi kilikuwa Triomune, dawa tatu ndani ya moja: stavudini, lamivudini na nevirapini. Stavudini ina historia inayostahili kusimuliwa. Aliyeitengeneza mara ya kwanza, mwaka 1966, ni yule yule Horwitz wa Detroit, naye alikuwa akitafuta dawa ya saratani, na nayo ikashindwa. Waliogundua kuwa inazuia VVU ni Prusoff wa Yale, yule wa matone ya macho, na mwenzake Tai-Shun Lin. Hataza ilikuwa ya Yale, na kampuni ya Bristol-Myers Squibb ikapewa leseni. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka na wanafunzi wa Yale waliibana menejimenti ya chuo iruhusu stavudini ya bei nafuu Afrika Kusini. Prusoff, mzee wa miaka 80 aliyekuwa akipata fedha kutokana na hataza hiyo, akajitokeza gazetini kuwaunga mkono wanafunzi. Chuo na kampuni vikalegeza.

Kuanzia mwaka 2004 vituo vya tiba, wanavyoviita Watanzania CTC, vilianza kutoa dawa hizo bure. Watu waliokuwa wakibebwa kwa machela wakaonekana sokoni. Gharama yake ilionekana baadaye: stavudini iliwafanya wengi wahisi nyayo zikiwaka moto, na mashavu yakabonyea kiasi kwamba uso ulikutangaza kabla hujasema. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua. Ni katika kipindi hicho cha kuchoshwa na madhara ndipo, mwaka 2011, maelfu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mzee aliyejulikana kama Babu, na baadhi yao waliacha dawa zao za VVU. Ukilitazama bila kujua habari ya nyayo zinazowaka, utadhani ni ujinga mtupu.

Mbadala wa stavudini ulikuwa umeshatengenezwa Prague. Antonín Holý alikuwa mkemia wa taasisi ya serikali ya Czechoslovakia, wakati Ulaya ilipokuwa imegawanyika kati ya kambi ya Mashariki na ya Magharibi. Mwaka 1976, kwenye mkutano mjini Göttingen, alikutana na Erik De Clercq wa Leuven, Ubelgiji. Wakapatana jambo rahisi: Holý atengeneze, De Clercq ajaribu kwa virusi. Kwa miaka mingi kemikali za Prague zilivuka kwenda Leuven, na Holý hakuwa anatafuta saratani wala kubahatisha. Alikuwa ameona udhaifu wa shanga zilizotangulia: ili zifanye kazi, seli lazima kwanza izipachike fosfati, na hatua ya kwanza ya kupachika ndiyo ngumu. Yeye akaipachika mwenyewe kwa kiungo ambacho vimeng'enya vya mwili haviwezi kukikata.

Mwaka 1986 walitangaza ya kwanza katika jarida la Nature. John Martin, mkemia wa Bristol-Myers, akavutiwa, kampuni ikachukua leseni. Kampuni ikaungana na Squibb, ikapoteza hamu. Martin akahamia kampuni changa ya California iitwayo Gilead, na leseni ikamfuata. Tenofoviri ilikuwa mojawapo ya kemikali hizo. Haikupita vizuri tumboni, hivyo ikavikwa vazi la kemikali linalovuliwa ikishafika ndani. Mwaka 2001 ikaidhinishwa. Humezwa mara moja kwa siku, na nyayo haziwaki.

Halafu likaja swali jingine: mtu ambaye hajaambukizwa akiimeza, itamkinga? Jaribio lililotoa jibu lililo wazi kabisa lilifanyika Kenya na Uganda, kwa wanandoa zaidi ya 4,700 ambao mmoja wao ana VVU na mwingine hana. Tenofoviri peke yake ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na ikichanganywa na dawa nyingine, emtrisitabini, asilimia 75. Tarehe 16 Julai 2012 Marekani iliidhinisha matumizi hayo ya kinga. Siku hiyo hiyo Holý alifariki mjini Prague.

Nyingi ya dawa hizi zimemalizikia kwenye Ukimwi. Nyingine ya ukoo huo wa shanga za bandia imeendelea kusafiri. Karibu mwaka 2009 wakemia wa Gilead walikuwa wakitafuta dawa ya homa ya ini aina ya C na ya kirusi kinachoshambulia mapafu ya watoto wachanga, wakapata kemikali ambayo baadaye iliitwa remdesiviri. Kwa homa ya ini haikuwa nzuri kuliko nyingine, ikawekwa. Ebola ilipolipuka Afrika Magharibi mwaka 2014 ikatolewa tena, na nyani walioambukizwa Ebola wakapona.

Jaribio la kweli kwa watu lilifanyika mashariki mwa Kongo, katika vita na mashambulizi ya vituo vya afya. Lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na lilianza Novemba 2018 katika Beni na miji jirani, likiongozwa na Jean-Jacques Muyembe, daktari aliyekuwapo Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipotambuliwa mara ya kwanza. Wagonjwa zaidi ya 670 waligawanywa kwa kura katika dawa nne. Agosti 2019 mbili zikaondolewa: waliopewa remdesiviri walikuwa wamekufa asilimia 53. Iliyoongoza na iliyoifuata zilikuwa kingamwili, si kemikali za kutengenezwa, na vifo vyake vilikuwa karibu asilimia 34 na 35. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Remdesiviri ilirudi kabatini kwa miezi mitano tu. Januari 2020, habari za ugonjwa mpya wa Wuhan, China, ziliposambaa, ilikuwa miongoni mwa dawa chache zilizokwisha kupewa mamia ya binadamu na kujulikana dozi yake, na ujuzi huo kwa sehemu ulitoka kwenye vitanda vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jaribio la Marekani lilionyesha kwamba waliolazwa kwa Uviko-19 walipona kwa siku 10 badala ya 15. Jaribio kubwa la Shirika la Afya Duniani halikuona ikipunguza vifo kwa kiasi cha kutajika. Juni 2020 kampuni ilitangaza bei yake kwa serikali za nchi tajiri, dola 2,340 kwa dozi ya siku tano, na Oktoba ikawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huo. Kemikali mama yake, iliyokuwa na namba tu bila jina, ilikuwa tayari imejaribiwa na madaktari wa mifugo wa California kwa paka wenye ugonjwa wa tumbo uletwao na kirusi cha korona cha paka. Ugonjwa huo ulikuwa ukiua karibu kila paka aliyeupata. Paka walio wengi waliochomwa sindano zake walipona.